Eneo la wazi mtaani: kabla hamjaenda halmashauri, tafuteni bikoni (alama za zege za mpaka)

Kwa mnaoanzia hapa: mleta mada anasema mtaani kwao huku Kusini, mkoa wa Mtwara, kuna eneo la wazi ambalo watoto wanachezea mpira. Sasa wapimaji wameonekana na inasemekana vinakatwa viwanja vya makazi. Mtaa umegawanyika. Kuna wanaotaka uwanja ubaki, na kuna wanaosema nyumba hazitoshi, vijana wanapanga chumba kimoja wakiwa na watoto watatu, acha watu wajenge. Anauliza aanzie wapi na kama kuna aliyewahi kupitia.

Mimi nimepitia, kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi 2023, mkoa huuhuu wa Mtwara ila siyo Mtwara mjini. Mji siutaji na halmashauri siitaji, maana wahusika tunasalimiana kila siku na mmoja wao tupo naye chama kimoja cha kuzikana. Matokeo yetu tuliokoa sehemu kubwa, sehemu nyingine ikaenda. Na katika ile hatari iliyotupata, mkono wangu mwenyewe umo. Nitafika huko.

Kwanza kuna mchangiaji wa juu anasema Mtwara ardhi ipo bwerere, tunagombania nini. Mkuu, wewe unaizungumzia Mtwara mjini. Ule mji ulichorwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Wakajenga bandari, wakavuta reli kwenda Nachingwea, wakachora mji wa watu wengi kuliko waliokuwepo. Mradi ukafa 1951, reli nayo ikang'olewa miaka ya 60, zikabaki barabara pana na nafasi. Ndiyo maana mgeni akishuka Mtwara anaona mji unapumua. Sisi wa miji mingine ya mkoa hatukuchorewa na mtu. Palikuwa na njia panda, ghala la korosho, msikiti, misheni, soko, watu wakajenga kuzunguka hapo. Michoro ilikuja baadaye, ikakuta nyumba zipo. Eneo la wazi la kwetu ni lile ambalo mchoraji alikuta hakuna nyumba, na sababu ya kutokuwa na nyumba tutaiona mbele.

Eneo lenyewe ni kama ekari mbili na nusu. Upande wa juu tambarare, ndipo penye magoli. Upande wa chini kunateremka kidogo. Panachezwa ndondo, panaswaliwa Idd, ukifiwa unaweka turubai pale, mgombea akija anasimama pale. Jioni kina mama wanauza ming'oko ya kuchemsha pembeni. Kwa ufupi hakuna kamati wala ratiba, ila kila mtu analitumia.

Novemba 2021 nilikuwa shamba kwa mjomba, naokota korosho. Mama watoto akanipigia: kuna vijana na mashine ya miguu mitatu uwanjani, wamepigilia vigingi vyekundu mpaka karibu na ukuta wetu. Nikapanda bodaboda Jumapili, nikahesabu mwenyewe. Viwanja 14 na kijibarabara katikati.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikiwa na moto. Akanitoa kiti, akaniletea maji, akanionyesha muhtasari. Mkutano wa mtaa ulifanyika mwezi wa kumi, ajenda ya tatu ilikuwa upangaji wa eneo la wazi, waliohudhuria 23, "wananchi wameridhia". Majina yote 23 nayafahamu, ni watu kweli na saini zao kweli. Hakuna aliyeghushi kitu. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na mkutano ukaitwa. Sisi wengine tulikuwa chini ya mikorosho.

Hili mleta mada liandike mahali. Huku kwetu kuanzia Oktoba hadi Desemba mtaa unabaki na wazee, wenye maduka na watumishi. Jambo zito likiitishiwa mkutano miezi hiyo, mtume hata mtoto aliyemaliza darasa la saba akakae na daftari. Na mkishachelewa kama sisi, msigombane na muhtasari. Ombeni mkutano mwingine kwa maandishi, mkusanye saini, barua iende kwa mtendaji wa mtaa na nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Sisi tuliupata Januari, walikuja watu zaidi ya 200, na hapo ndipo mambo yaliponigeukia.

Afisa mipango miji alikuja mwenyewe, kijana mpole, hakufoka. Hoja yake ilikuwa fupi: eneo hili limeshavamiwa, halitumiki kwa lengo lake, kuliko livamiwe lote bora lipangwe, halmashauri ipate mapato na watu wapate viwanja. Akafungua karatasi akaanza kusoma. Kibanda cha chipsi, karakana ya pikipiki, tanuri la matofali, matuta mawili ya mihogo. Halafu akasema: "Na kuna ukuta wa nyumba ya makazi upande wa mashariki, umeingia eneo la wazi."

Upande wa mashariki nyumba yenye ukuta ni moja. Yangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele kama katibu wa kamati ya kutetea uwanja.

Nikabisha. Nikasema ukuta wangu upo mpakani. Akamwita mpima, tukaenda watu wote, kundi zima likaingia uani kwangu. Mpima akatembea na mashine yake mkononi, akasimama karibu na mpapai, pale ninapoweka jaba la maji, akasema chimbeni hapa. Kijana mmoja akachukua jembe la mama watoto. Futi moja chini likagonga: ngo! Akapangusa mchanga kwa mkono. Kikatokea kipande cha zege, ukubwa wa kopo la rangi, katikati kuna nondo, juu yake namba imechorwa kwa msumari zege likiwa bichi. Bikoni. Kutoka pale hadi kwenye ukuta wangu tukapima kwa futi kamba, mita moja na sentimita themanini. Kimya. Halafu mzee mmoja, fundi cherehani wa siku nyingi, akasema taratibu: "Kumbe anayetetea uwanja anaishi humohumo uwanjani."

Walicheka mpaka mpima akacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nikiwa mkweli, nilikuwa najua. Siyo kwa sentimita, ila nilijua. 2016 wakati najenga ukuta, fundi aliniuliza, tupige kamba hapa au kule? Nikamwambia piga kule, eneo la wazi lile, la nani? Maneno hayohayo, "la nani", ndiyo aliyoyasema mwenye chipsi, na mwenye mihogo, na mwenye tanuri. Halmashauri ilikuja mwisho kwenye foleni. Tulitangulia sisi, mmoja mmoja, mita moja na nusu leo, mita mbili kesho, na kila mmoja alikuwa anamwangalia jirani kabla hajaongeza. Halafu siku afisa alipokuja na daftari lake, sisi wenyewe ndio tulikuwa hoja yake.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujaandika barua yoyote, zunguka mpaka wa hilo eneo. Hesabu nani kaingia na kwa kiasi gani, ukianza na wajumbe wa kamati yenu. Mtakachokiona ndicho kitakachosomwa kwenye kikao, na ni afadhali mkisome nyinyi kwanza.

Mimi niliuvunja ukuta ndani ya wiki. Ziliniuma hela, sikatai. Mama wa chipsi alihamia barabarani na anasema biashara imekuwa nzuri zaidi. Shida ilikuwa tanuri, kwa sababu mwenye tanuri ni mtoto wa mama yangu mdogo, na alikuwa na matofali mabichi elfu kadhaa yamepangwa yanasubiri kuchomwa. Nikimwambia ananijibu: wewe umevunja kwa aibu, mimi sina aibu. Ikabidi nimwite mjomba wetu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba unaweza kubishana naye. Mzee akaja kutoka shamba, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua pale tanurini, wakaongea wawili saa nzima, mimi nikiwa mbali. Sijui alimwambia nini mpaka leo. Wiki iliyofuata matofali yalihamishwa kwa toroli.

Sasa upande wa karatasi. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri muombe kuona vitu viwili tofauti, watu wengi wanavichanganya: mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na ramani ya upimaji. Mchoro unaonyesha kila eneo limepangiwa matumizi gani. Ramani ndiyo yenye bikoni na vipimo. Kama eneo lenu limo kwenye mchoro kama eneo la wazi, basi kulikatia viwanja ni kubadili matumizi, na kubadili matumizi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007: maombi, tangazo kwa umma, nafasi ya kuweka pingamizi, kamati husika kujadili. Siyo suala la mwenyekiti na watu 23. Vilevile kuna kanuni za viwango vya nafasi katika mipango miji za 2018, zinazotaka makazi yatengewe maeneo ya michezo na ya kupumzikia. Zitajeni kwenye barua, ila msizifanye ndiyo barua nzima.

Kama halimo kwenye mchoro wowote, hali yenu ni ngumu zaidi. Hapo kazi ya kwanza ni kuomba liingizwe.

Sisi tulienda mara tatu. Ya kwanza mhusika yupo safari, ya pili mtandao hakuna, ya tatu tukalipa ada kwa namba ya malipo, risiti ikatoka, tukapewa nakala. Nakala ilikuwa imefifia, maandishi ya mkono ya Kiingereza. Eneo letu limeandikwa ni la wazi. Mjumbe wetu mmoja, dada anayefundisha jiografia sekondari, ndiye aliyeona kitu ambacho wote tulikipita: upande wa chini kulikuwa na mstari wa vidoti unaotoka barabara ya juu hadi kwenye kalavati. Njia ya maji.

Na hiki ndicho kilichotuokoa. Tulipojenga hoja ya watoto na michezo, wakubwa walitikisa vichwa kwa heshima, wakasema ni kweli watoto ni muhimu, wakaendelea na ajenda. Hoja ya sala ya Idd, hivyohivyo. Hoja ya msiba, hivyohivyo. Kila mtu anakubaliana nazo na hazimzuii mtu kufanya anachotaka.

Machi 2022 mvua ikanyesha siku mbili. Nikatoka na simu nikapiga picha: maji yanashuka kutoka barabara ya juu na kwenye paa za shule ya msingi, yanaingia uwanjani, yanasimama upande wa chini, halafu yanatoka polepole kwenye kalavati. Vigingi vyekundu vya viwanja vya chini vilikuwa vinaonekana vichwa tu. Kuna picha moja ya pikipiki imezama hadi kwenye tanki, mwenyewe anaivuta huku anacheka. Tukazichapisha kwa rangi, stationari ya stendi, tukaambatisha na nakala ya mchoro, barua ikaenda kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa kamishna wa ardhi msaidizi wa mkoa kule Mtwara mjini.

Kamati ya mipango miji na mazingira ya halmashauri ilikuja kutembelea, na safari hii walikuja na mhandisi. Huyo hakutaka hotuba. Aliuliza, maji yakitoka hapa yanaenda wapi? Tukamwonyesha: chini ya kalavati kuna nyumba kama ishirini, na nne kati ya hizo wanakaa watumishi. Akauliza, yakizuiwa hapa? Hakuna aliyemjibu, akatoa biro, akaweka mchoro kwenye boneti ya gari, akapiga mstari. Viwanja tisa vya chini vikatoka palepale kwenye boneti, ingawa kwa karatasi ilichukua karibu mwaka. Vitano vya juu, vyenye tambarare, vilipita. Uwanja wa mpira ukapungua, sasa wanacheza saba kwa saba.

Kuna mchangiaji mwingine huko juu aliyesema mchoraji wa zamani aliacha eneo "bila sababu". Sababu ndiyo hiyo. Maeneo mengi ya wazi kwenye miji yetu yaliachwa kwa sababu ya maji, mteremko au bomba. Chunguzeni lenu liliachwa kwa nini.

Kuhusu mahakama nitaongea haraka kwa sababu hatukufika huko, ila tulishauriwa na wakili na nimeona wenzetu wa kata nyingine wakipoteza hela. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halina uwezo wa kuhukumu. Na ukitaka kuishtaki halmashauri, tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Wenzetu walikimbilia baraza la ardhi la wilaya, kesi ikatupwa kabla hata haijasikilizwa, na siku 90 wakaanza kuzihesabu upya wakati watu wameshamwaga msingi. Kama mnaona dalili ya kufika huko, notisi iandikeni mapema huku mazungumzo yanaendelea. Haiwazuii kuongea.

Halafu vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wengi hawajui. Sisi tulikuwa tunaenda watano, tumevaa vizuri, tunakaa nyuma, hatusemi kitu. Diwani wetu alikuwa vuguvugu mwanzoni, lakini diwani akiwaona wapiga kura wake watano nyuma ya ukumbi, anachangia vizuri.

Nije kwa wanaosema nyumba kwanza. Siwadharau. Wakati wa fujo za gesi za 2013, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar, na baada ya pale, watu walinunua viwanja huku kama karanga, bei zikapaa, na kijana wa kawaida akaachwa. Kodi ya chumba inauma. Lakini niambieni: kati ya viwanja vile vitano, alipata nani? Viliuzwa kwa mita ya mraba, malipo kwa muda mfupi. Yule kijana wa chumba kimoja na watoto watatu hakupata hata kimoja, na asingepata hata kama vingekuwa 14. Kimoja alipata mwalimu wa kike aliyekuwa amepanga miaka kumi na moja, akajenga, nimekula pilau kwake na namtakia heri. Viwili vimejengwa na watu wa biashara. Viwili mpaka naandika hapa ni majani, wenyewe wapo Dar. Na nje kidogo ya mji kuna viwanja vilivyopimwa enzi hizo za gesi, bikoni zipo kwenye nyasi, wamiliki hawajulikani walipo, wakati masharti ya hati yanataka uendeleze ndani ya miezi 36. Mwenye uchungu na nyumba aanze na kule. Kule hakuna mtoto anayecheza.

Ila msiwageuze maadui. Kwetu kosa kubwa lilikuwa kuwaita wale 23 wasaliti. Wengine walikuwa kina mama wajane waliosikia kuna viwanja wakafikiri watapewa. Ilituchukua miezi mitano kurudishana salamu.

Mkifanikiwa, fanyeni kitu kionekane. Sisi tuliweka magoli ya bomba, tukaomba kibao cha halmashauri chenye maneno eneo la wazi, tukapanda miarobaini 40 kando ya mpaka, mmoja pembeni ya kila bikoni tuliyoipata na mingine katikati. Imebaki 11. Mbuzi. Mwenye mbuzi naye ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo ndiyo kikao chetu cha mwezi huu.

Mleta mada, uliuliza pia kama ukuta wako, uliosema "umesogea kidogo", uuache kwanza mpaka mambo yatulie. Uvunje. Matofali yangu nilijengea banda la kuku, nondo niliuza. Jikoni sasa dirisha linatazamana na goli la kusini, na Jumamosi jioni mama watoto anapikia upande wa pili, maana mara mbili mpira umeingia kwenye sufuria ya kisamvu.